Mgongo wa Ski

Fundi hakuweza kuona kitu kimelala bila kukibonyeza. Mkate wa dukani, gurudumu la baiskeli ya mtu mwingine, godoro langu siku niliyohamia chumba chake cha kupanga, vyote vilionjeshwa kidole gumba chake. Alibonyeza, akaachilia, akasubiri kuona kama kitarudi. Kikirudi, aliguna kwa kuridhika. Kisiporudi, alikitazama kwa huruma, kisha akamtazama mwenyewe kwa lawama. Godoro langu halikurudi.

"Mwarimu," akaniambia, "hii imekufa kitambo. Unalalia maiti."

Nilikuwa nimefika Timau wiki hiyo hiyo kufundisha Kiswahili katika shule ya upili, kutoka kwetu Kiritiri ambako jua halina adabu na mbuzi hula mpaka magunia. Baridi ya Timau ilinipokea vibaya. Niliandika barua ya kuomba uhamisho kabla sijafungua sanduku, na baada ya hapo nikawa naandika nyingine kila mwaka. Nisifiche basi: huyu ninayemsimulia niliishi ukuta mmoja naye kwa miaka kumi na mmoja, na hakuna mwezi uliopita bila mimi kutamani kuondoka. Labda ndiyo sababu tulipatana. Yeye pia hakuwa na utulivu. Hata kanisani, akiwa mzee wa kanisa na kiti chake mbele kabisa, alikuwa akibonyeza benchi katikati ya sala.

Alikuwa seremala. Ujana wake aliumalizia katika karakana ya shamba kubwa la ngano, akitengeneza milango, matela na vitanda vya wafanyakazi. Nilipomjua alikuwa amestaafu, ana karakana yake ndogo nyuma ya nyumba, na anatengeneza mizinga ya nyuki na vitanda vya maharusi. Vitanda vyake havikulia hata kidogo, jambo ambalo akina mama wa Timau walilisifu kwa vicheko. Lakini mlango wa nyumba yake mwenyewe ulikuwa umeinama, unafungwa kwa kamba ya katani. Mkewe alimlalamikia miaka yote hiyo. Alijibu kwamba mlango unafunguka, na kitu kinachofunguka si kibovu.

Kwenye ukuta wa karakana, juu ya misumeno, zilikuwa zimesimamishwa mbao mbili ndefu, nyembamba, zenye pua zilizopinda juu. Siku ya kwanza nilidhani ni sehemu za kitanda cha ajabu. Nikauliza. Akanipa jibu ambalo nilikuja kulisikia akiwapa wageni wote.

"Hizo ni ski. Ni viatu vya kutembea juu ya mlima ukiwa mweupe."

"Na wewe unazivaa?"

"Mimi? Mimi nazichunga."

Mwenye shamba, yule mzungu aliyekuwa bosi wake, alikuwa akisafiri kila mwaka kwenda kuteleza kwenye theluji ng'ambo, na mwaka mmoja aliporudi alimkabidhi Fundi ski zake azitunze hadi safari nyingine. Alimwachia na kijitabu cha Kiingereza chenye michoro. Kiingereza cha Fundi kilikuwa cha kuombea vifaa tu, kwa hiyo alisoma michoro, na michoro hiyo aliijua kama wengine wanavyojua Zaburi.

Alinifundisha bila mimi kumwomba. Jumamosi nikifua nguo uani, alinisomea somo lake kupitia dirisha la karakana. Alizipa ski viungo vya mwili, maana majina mengine hakuwa nayo. Kulikuwa na pua na mkia, ambavyo ni vipana, na kiuno katikati, ambacho ni chembamba. Kwa sababu ya kiuno hicho, alisema, ukiilaza ski kwa ubavu inachora duara, nayo inakugeuza yenyewe. Kulikuwa na tumbo, upande wa chini unaoteleza. Kulikuwa na makali, nyuzi mbili za chuma pembeni mwa tumbo, zinazouma barafu ili mtu asichukuliwe na mteremko. Na kulikuwa na mgongo. Hapo alikuwa akirukia jambo lingine.

"Hizi si za barafu ngumu peke yake," alisema. "Si za theluji laini peke yake. Ni za mlima wote. Ni kama ng'ombe chotara, Mwarimu. Hakupi maziwa kama yule wa gredi, havumilii njaa kama yule wa kienyeji, lakini popote unampeleka, anaenda."

Mimi nilimpa maneno mawili kama malipo ya masomo hayo. Sokoni Timau kila kitu cheupe na baridi ni barafu. Nikamwambia Kiswahili kinatofautisha: theluji ni ile laini inayoanguka, barafu ni maji yaliyoganda. Aliandika "theluji" kwa penseli ya seremala juu ya ubao, akalisoma kwa sauti mara tatu, nalo likatoka "theruji" mara zote tatu. Nilimcheka. Naye akaniuliza kama mimi nimewahi kuiona hiyo theluji ninayoisahihisha. Nilikamua shati langu, nikalianika.

Utunzaji wake ulikuwa na uchungu ndani yake, na nilichelewa kuuelewa. Tupa aliivuta upande mmoja tu, kutoka puani hadi mkiani, hairudi nyuma. Kisha alipitisha jiwe kuondoa vinyuzi vya chuma. Alipima makali kwa ukucha: yakikwangua unga mweupe wa ukucha, yako tayari. Kwa tumbo alichukua nta ya mizinga yake mwenyewe, akaichanganya na mshumaa, akaiyeyusha kwa pasi ya makaa na kuitandaza. Aliiacha ipoe. Halafu akaikwangua karibu yote kwa rula ya plastiki ambayo ilikuwa yangu, yenye jina la shule, na ambayo aliniapia hajaiona.

"Sasa umepaka ili utoe?" nilimuuliza. "Si kazi ya wazimu hiyo?"

"Nta ikae ndani. Ile ya juu ni ya kujionyesha."

Kifaa chochote kikirudishwa kichafu alipandisha hasira. Niliwahi kuona akimfukuza jirani aliyerudisha jembe lenye udongo, mpaka barabarani, huku akilishika jembe lenyewe kifuani kama mtoto aliyeonewa. Ski hazikuruhusiwa juani wala karibu na jiko. Hazikufungwa kwa nguvu. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa amri kuu. Mtoto wa jirani alipozifunga pamoja kwa mpira wa baiskeli, akicheza tu, Fundi aliacha randa katikati ya ubao, akaja mbio kuufungua.

Nilichosimulia mpaka hapa wote wa mtaani wanakijua. Kinachofuata alikuwa amemwambia mkewe peke yake, na mimi akaniambia mwaka wangu wa sita, siku tuliyokuwa tumekaa karakanani kusubiri gundi ikauke. Kumbe ski zile hazikuwa jozi moja. Nyuma ya mlango, ndani ya gunia, kulikuwa na nyingine. Akazitoa. Akachukua jozi ya ukutani, akaziweka tumbo kwa tumbo na kuniambia nichungulie. Pua ziligusana, mikia ikagusana, lakini katikati palikuwa na nafasi, na mwanga wa dirisha ukapita. Akazibana kwa mkono, mwanga ukafa. Akaachilia, mwanga ukarudi.

"Huo ndio mgongo. Mtu akisimama, uzito unaulaza, makali yote yanagusa. Akiinuka, inamrusha. Inapumua."

Kisha akafanya vivyo hivyo kwa zile za guniani. Zililala moja juu ya nyingine kama kurasa. Hapakuwa na mwanga wowote.

"Hizi ndizo zake," akasema. "Niliziua mimi."

Mwaka ule aliokabidhiwa, kabla hajakifungua kijitabu, alizilaza juu ya meza yake ya kazi na kuona katikati zimeinuka. Jamani, mpeni seremala mbao iliyoinuka katikati! Maisha yake yote ni kugombana na mbao zinazopinda. Mbao ikija imepinda kutoka msituni unaipa mvuke, unailaza, unaiwekea uzito, unaisubiri. Akadhani bosi ameziacha mahali pabaya zikajikunja, akaona aibu kwa niaba yake. Akachemsha maji kwenye sufuria kubwa, akazipitisha mvuke, akazilaza kwenye sakafu ya ghala, akazipandishia magunia ya ngano mpaka darini. Akaziacha miezi mitano. Zilipotoka zilikuwa zimenyooka kama rula. Alifurahi, akamwombea bosi safari njema.

"Samaki mkunje angali mbichi," nikasema, maana mdomo wangu hauna breki, kisha nikatamani kuyameza maneno yangu.

Bosi alirudi na mkongojo. Alikuwa amepita kwenye mteremko wa barafu ngumu, ski zikakosa kushika, akaenda chini mpaka kwenye mawe. Nyonga ilivunjika. Tangu hapo hakuteleza tena. Alimpa Fundi zile ski azifanyie anachotaka, hata ua wa kuku, na akamwambia kwa Kiswahili chake: "Miguu yangu imezeeka, Fundi. Si kosa la mtu." Jioni hiyo hiyo Fundi alikifungua kijitabu. Ukurasa wa pili kulikuwa na mchoro wa ski iliyoinuka katikati, na mshale ukionyesha hapo.

"Ukamwambia?"

"Bado."

"Bado? Miaka mingapi hiyo?"

Bosi aliuza shamba, akahamia kwao. Yuko hai. Kila Krismasi humpigia Fundi simu, wanazungumza habari za mvua na magoti. Kila Krismasi Fundi alijiandaa kusema, na kila Krismasi simu ikaisha wakiwa bado kwenye magoti. Nilimkasirikia, na nilimwambia wazi. Mzee wa kanisa mzima, mtu anayemfukuza jirani kwa sababu ya tope la jembe! Hakukasirika. Alijibu polepole, na jibu lake lilinisumbua kuliko kosa lenyewe.

"Mimi sijui kama ni mimi, Mwarimu. Pengine kweli miguu ilizeeka. Pengine mgongo ni maneno ya kitabu tu. Fundi hasemi 'nafikiri.' Fundi anapima. Siwezi kuomba msamaha kwa kitu sijapima."

Ndiyo sababu alitengeneza zile za ukutani. Zilimchukua miaka mitatu. Moyo wa kila ski ulikuwa wa mti wa muuru, mbao nyembamba zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Makali yalitoka kwenye bamba la msumeno mkubwa uliochakaa. Tumbo lilikatwa kutoka kwenye pipa la plastiki. Alizigandisha kwenye kalibu iliyopinda, akifuata kijitabu, na vishikio vya viatu akavitoa kwenye zile zilizokufa, kwa skrubu, ili viweze kuhamishwa. Zilitofautiana na zile za bosi kwa jambo moja tu la maana, aliniambia: hizi zina mgongo. Zikipelekwa mahali pamoja siku moja, mtu mmoja, barafu moja, atajua.

Kilichobaki ni barafu. Ungedhani si tatizo, mtu akiwa na Kirimaara, yaani Mlima Kenya, nyuma ya choo chake, mlima wenye mabaka meupe, ambao jina lake lenyewe linasema hivyo. Alijizoeza kwanza kwenye mteremko uliotandazwa majani ya ngano, kwa viatu vya bosi vilivyomzidi saizi mbili, vimejazwa soksi. Watu walikuja kutazama na kukaa kama kwenye sinema. Alijifunza kusimama, kuinama, kugeuka. Lakini majani hayaumwi na chuma. Ndipo siku moja, akiwa na zaidi ya miaka sitini, alipanda mlima na mpwa wake aliyekuwa mpagazi, jozi zote mbili mgongoni. Siku tatu. Walifika mahali ambapo mpwa alikuwa ameacha barafu miaka michache tu nyuma. Walikuta mwamba na changarawe iliyolowa. Kilichosalia kilikuwa juu zaidi, kipande cheusi cheusi kinachoning'inia, na mpwa alikataa katakata kumsogeza hapo.

Alirudi kama aliyetoka mazishini. Mwezi mzima hakubonyeza kitu. Nilimwona akipita mbele ya mikate bila kunyoosha kidole, nikaogopa kweli.

"Barafu inaniisha," alisema siku moja. "Na mimi naisha. Sijui nani atatangulia."

"Si umpigie tu huyo mtu umwambie!"

"Nimwambie nini? Nafikiri?"

Tuligombana hivyo mpaka barua yangu ya kumi na moja ikajibiwa. Nilihamishiwa Embu, karibu na nyumbani, mahali penye joto la kawaida na maembe. Nilifurahi juma moja tu. Halafu nikaanza kujikuta nikibonyeza mikate ya supamaketi, na mlinzi akinitazama.

Likizo ya Aprili mwaka huu nilikwenda kumsalimia. Nilimkuta amepungua, nyonga inamsumbua, anatembea kwa kuegemea kitu chochote kilicho karibu, mimi nikiwemo. Tulikunywa chai yenye maziwa mengi. Saa nane mchana mbingu ya upande wa mlima ikawa nyeusi, upepo ukasimama, na mvua ya mawe ikaanguka. Nimeona mvua ya mawe maishani, lakini si ile. Iligonga mabati mpaka tukaongea kwa ishara. Ilidumu karibu nusu saa. Ilipokoma tukafungua ule mlango ulioinama, na Timau yote ilikuwa nyeupe. Shamba lake la viazi, linaloteremka nyuma ya nyumba hadi kwenye ua wa jirani, lilikuwa limefunikwa kuzidi vifundo vya miguu. Hapakuonekana jani hata moja.

Mkewe alijishika kichwa. "Murungu! Viazi! Na njegere zote!" Upande wa pili wa ua jirani alikuwa akilia kwa sauti.

Fundi hakungoja. Alikuwa ameshaingia karakanani.

Mkewe alipoona anachokitoa alisimama mbele yake. "Wewe mzee, watu wanalia, wewe unaenda kucheza? Na hiyo nyonga?"

"Sichezi, mama watoto. Wewe unajua."

Alijua. Walitazamana, na mimi niliona aibu kuwepo. Kisha yule mama, aliyelalamikia mlango na mbao na pipa la plastiki maisha yake yote, akapiga magoti kwenye matope na kumfungia viatu, maana mumewe hakuweza tena kuinama. Alianza na zile za bosi, ambazo alikuwa amezirudishia vishikio kule karakanani. Mimi na yeye tukampandisha juu ya shamba, mmoja kila upande.

"Niachieni."

Tukamwachia. Alikwenda mshazari, magoti yameinama, jinsi alivyojizoeza kwenye majani ya ngano. Alipojaribu kugeuka, ski zilimkimbia. Hazikuuma hata kidogo. Zilimwondokea kwa ubavu, naye akaanguka kishindo na kuteremka shamba lote chali, hadi kwenye ua. Mkewe akapiga ukemi. Tulipomfikia alikuwa anahema, damu kwenye kiwiko, macho makavu.

"Hamisha vishikio," akaniambia. "Bisibisi iko mfukoni. Haraka, inayeyuka."

Vidole vyangu vilikufa ganzi. Nilifungua skrubu, nikazikaza kwenye jozi ya pili, nikilaani kwa Kimbeere. Tukampandisha tena. Sikutaka aende. Nilimshika koti. Akautoa mkono wangu kwa upole, akaenda.

Mahali pale pale alipoanguka, aliinama akageuka, na nikasikia sauti ya chuma kikikata. Ski zilishika. Zilichora duara safi, zikamzungusha, zikamsimamisha katikati ya shamba lake la viazi, wima, uso kuelekea kwetu. Nilipiga kelele za furaha. Niliruka, mimi mtu mzima, nikiwa na viatu vya plastiki.

Yeye alikuwa analia.

Nilishuka mbio kumpongeza, na nilikuwa karibu kumkumbatia ndipo nikaelewa. Alikuwa amepima.

"Ni mimi, Mwarimu," akasema. "Mguu wake haukuwa na makosa. Ni mimi nilimvunja." Akapangusa pua kwa mkono wa koti. "Lete simu."

Simu ya Fundi ndiyo ilikuwa na namba. Mkewe, aliyekuwa amenifuata, aliitoa kwenye mfuko wa ndani wa koti la mumewe, akabonyeza, akaiweka kwenye sauti kubwa na kuishika mbele ya mdomo wa mumewe. Ililia muda mrefu. Sauti ya mzee ikajibu, ikishangaa, maana haikuwa Krismasi.

"Bwana, ni Fundi. Hapana, hakuna mtu amekufa. Nisikilize, usiongee. Ile mwaka ulianguka, haikuwa mguu. Zile ski zilikuwa na mgongo, mimi nikafikiri zimebendi. Nikaziwekea gunia za ngano, nikazinyoosha. Sikukuambia. Leo nimepima, zako na zingine zenye mgongo. Ni mimi."

Tulisikia pumzi tu. Jirani bado alikuwa analia upande wa pili wa ua, na maji yalianza kutiririka chini ya miguu yetu. Nilidhani simu imekatika. Kisha mzee akauliza kitu, mara moja, kwa sauti ndogo ambayo mimi na mkewe hatukuidaka, na Fundi akajibu, "Ndiyo, Bwana. Nimezitengeneza mwenyewe." Baada ya hapo simu ikakatika kweli, ama ilikatwa.

Mkewe aliipangusa simu kwa leso, akairudisha kwenye koti, akapiga magoti kuanza kufungua viatu.

"Amesema amekusamehe?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hajasema," Fundi akajibu. "Ameuliza kama hizi zingine zimeshika."